Kitunguu Kinapomezwa, Nini Hasa Kinafika Kwenye Damu?

Mwaka 1975 watafiti wa Ujerumani waliwamezesha watu wenye afya njema gramu 4 za kwasetini kwa mara moja, kisha wakaitafuta kwenye damu na mkojo wao. Hawakuipata, si katika umbo lake wala katika umbo lililogeuzwa. Zaidi ya nusu yake waliikuta kwenye choo kikubwa. Mwaka 1995 Peter Hollman na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, waliwalisha watu tisa vitunguu vya kukaanga vyenye miligramu 89 tu za kwasetini hiyohiyo, wakaandika kwamba asilimia 52 ilifyonzwa.

Majibu hayo mawili ndiyo yanayowagombanisha watu. Kwasetini ni mojawapo ya flavonoidi, kundi la maelfu ya kemikali za mimea. Ndizo zinazoipa rozela wekundu wake, na chai ya rangi ukakasi wake. Watu wanazinunua siku hizi kwenye vidonge, kwenye unga wa majani na kwenye chupa za juisi, na wengine wanazinunua kwa pesa ya dawa waliyoandikiwa hospitali. Nimewaketisha pamoja watu watatu ambao hubishana juu ya jambo hili kila siku, wakikutana au wasikutane: mtabibu wa tiba asili, ambaye ni mzee; mfamasia, binti wa umri wa wajukuu zake; na afisa lishe wa kituo cha afya. Maneno ni yangu, ubishi ni wao.

MTABIBU: Watu wa maabara wenyewe ndio waliosema jani la mlonge lina kwasetini na kemferoli. Wamelipima, wameandika. Nikibandika kwenye kopo langu kwamba lina antioksidanti nyingi, nyinyi vijana mnanuna. Nimewapa watu maneno yenu wenyewe.

MFAMASIA: Shikamoo mzee. Hakuna aliyenuna. Ninachosema ni kwamba kipimo ulichobandika ni cha jani, na anayelinunua si jani. Kati ya jani na damu yake kuna tumbo, kuna utumbo, kuna ini. Gramu 4 zilimezwa Ujerumani, na kwenye damu hawakuona kitu.

MTABIBU: Marahaba. Na wale Waholanzi je?

AFISA LISHE: Hapo dada ameruka jambo. Zile gramu 4 zilikuwa kwasetini tupu, na kwasetini tupu haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kitunguu hakina kwasetini tupu, isipokuwa lile ganda kavu la nje tunalolitupa. Ndani, karibu yote imefungamana na glukosi, molekuli moja au mbili. Glukosi ile ndiyo inayofungua mlango.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo matangazo mengi ya biashara yanapopita mbio. Kwenye kuta za utumbo mwembamba kuna kimeng'enya cha laktesi, kilekile kinachokata sukari ya maziwa. Kimeng'enya hicho kinaweza pia kuikata glukosi iliyoshikamana na flavonoidi. Ikishakatwa, flavonoidi inabaki peke yake, inapenda mafuta kuliko maji, na inapenya utando wa seli bila taabu kubwa. Ndiyo maana baada ya kula vitunguu kiwango kwenye damu hufikia kilele ndani ya saa moja hivi.

Sasa ichukue kwasetini hiyohiyo, uifunge na sukari mbili zilizoungana, glukosi na ramnosi. Inakuwa rutini, ambayo imo kwenye chai na mimea mingi. Laktesi haiwezi kuikata. Rutini inateremka ilivyo mpaka utumbo mpana, kwenye bakteria wenye uwezo huo, na kilele chake kwenye damu huchelewa kwa saa nyingi. Katika jaribio lilelile la 1995 tofauti ilionekana wazi: ya kitunguu asilimia 52, kwasetini tupu asilimia 24, rutini asilimia 17. Miligramu mia za aina moja na miligramu mia za aina nyingine zinaonekana sawa kwenye karatasi ya maabara, lakini utumbo unazipokea kwa namna mbili tofauti kabisa. Anayetangaza jumla ya flavonoidi bila kusema zimefungwa na sukari gani hajasema mengi.

MFAMASIA: Nakubali habari ya sukari. Lakini tuulizane hiyo asilimia 52 ilipatikanaje. Wale watu tisa walikuwa wameshaondolewa utumbo mpana kwa upasuaji, na utumbo mwembamba ukatokezwa kwenye ngozi ya tumbo na kumwaga kwenye mfuko. Watafiti walichukua kilicholiwa, wakatoa kilichokutwa mfukoni, kilichokosekana wakakiita kilichofyonzwa. Na kwenye mkojo? Asilimia 0.31 ya ile ya vitunguu. Kutoonekana mfukoni ni jambo moja, kufika kwenye damu ni jambo jingine.

MTABIBU: Kwa hiyo imeyeyuka hewani?

MFAMASIA: Utacheka mzee, lakini nyingi ndivyo inavyokwenda. Mwaka 2001 huko Charleston, Marekani, walitengeneza kwasetini ambayo kaboni yake imetiwa alama ya mionzi, wakawapa watu wa kujitolea, kisha wakaifuata ile alama popote itakapotokea. Sehemu kubwa ilitoka kwenye pumzi, ikiwa hewa ya kaboni dioksidi: kati ya asilimia 23 na 81 kutegemea mtu. Mwili na bakteria wake walikuwa wameivunja mpaka mwisho.

Swali lake la mfukoni ni la haki, na kila anayesoma kwamba kitu fulani "kimefyonzwa" angepaswa kulirudia. Lakini kuna hatua iliyofichika katikati, kati ya kupenya ukuta wa utumbo na kuvunjika kabisa, na ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha mambo.

Flavonoidi ikishaingia ndani ya seli za utumbo, hairuhusiwi kupita ilivyo. Mwili unaihesabu kuwa mgeni asiyealikwa, na mgeni wa namna hiyo hupewa mtu wa kumsindikiza mpaka mlangoni. Seli zinaibandika asidi ya glukuroni au salfeti, na mara nyingine kikundi cha methili, ili iyeyuke kwenye maji na itoke kwa urahisi. Baadhi inasukumwa palepale kurudi ndani ya utumbo. Inayobaki inapita kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, na huko ini linaongeza kazi ileile. Kutoka hapo baadhi inakwenda kwenye figo na mkojo, na baadhi inamwagwa na nyongo kurudi utumboni, ambako bakteria wanaweza kuibandua ile asidi na kuifanya ifyonzwe tena. Mzunguko huo ni moja ya sababu za kwasetini kukawia mwilini: nusu ya kiwango chake kwenye damu huchukua kati ya saa 11 na 28 kuondoka.

Mwisho wa safari hiyo, ukimtoa mtu damu baada ya mlo wa vitunguu, hukuti kwasetini. Unakuta glukuronidi ya kwasetini, salfeti ya kwasetini, na glukuronidi ya kwasetini iliyotiwa methili. Ile yenyewe, iliyokuwa kwenye kitunguu, haionekani. Hata hizo zilizobadilishwa, ukizijumlisha zote, kwa mlo wa kawaida hazivuki sana mikromoli moja kwa lita.

Sasa linganisha na majaribio ya maabara yanayonukuliwa kwenye makopo. Seli za saratani zinamwagiwa kwasetini tupu, ambayo damu haina, kwa kiwango cha mikromoli 10, 50, hata 100, ambacho damu haifiki, na zikifa watu wanaandika kwamba kitunguu kinaua saratani. Hili linaniudhi kweli, kwa sababu mgonjwa wa saratani anayesoma maneno hayo anayaamini kwa moyo wake wote. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa kwenye mtandao orodha yake ya nguvu za antioksidanti za vyakula. Ilieleza kwamba namba zile za kwenye chupa ya maabara zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji, wala hazionyeshi kitakachotokea mwilini. Orodha ikaondoka, ila namba zake bado zimebandikwa kwenye makopo.

MTABIBU: Sawa, nimeelewa kwamba mwili unaibadilisha. Lakini mbona mnasema "imebadilishwa" kana kwamba mmesema "imekufa"? Hata dawa zenu hubadilishwa.

MFAMASIA: Hilo ni kweli, mzee. Kodeini kwa mfano. Tunampa mtu kodeini, na kinachomtuliza maumivu ni mofini ambayo ini lake limeitengeneza kutokana na kodeini hiyo. Na mofini nayo ikibandikwa asidi ya glukuroni mahali fulani, bado ina nguvu.

MTABIBU: Basi huenda na hii ya jani ni hivyo.

MFAMASIA: Huenda. Ila kodeini tumeipima kwa watu, tunajua dozi na tunajua matokeo. Hiyo "huenda" ndiyo inayouzwa madukani kana kwamba ni "hakika".

AFISA LISHE: Isiwe "huenda" tupu, dada. Seli za kinga zinazojaa mahali penye uvimbe hutoa kimeng'enya kinachoweza kuibandua asidi ya glukuroni. Watafiti wa Japani wameikuta glukuronidi ya kwasetini kwenye kuta za mishipa ya watu iliyoziba kwa mafuta, ndani ya seli hizohizo. Kwa hiyo inawezekana ile iliyofungwa ikafunguliwa palepale inapohitajika.

MFAMASIA: Inawezekana. Nimelisikia neno.

Mzee ameuliza swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye mikutano. Waliosema flavonoidi hazina faida kwa sababu hazifiki kwenye damu zikiwa nzima walikosea kama waliosema zinafika zote. Kilichofika ni kazi ya mwili wenyewe, na kinastahili kupimwa kwa jina lake. Na si flavonoidi zote zinazofuata njia ya kwasetini. Epikatekini ya kakao ilipofuatiliwa kwa kaboni ya mionzi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2016, karibu asilimia 82 ilifyonzwa, ikatokea katika maumbo zaidi ya 20. Wekundu wa matunda uko upande mwingine kabisa: mwaka 2013 huko Uingereza wanaume wanane walimezeshwa miligramu 500 za sianidini, mojawapo ya rangi hizo nyekundu, yenye glukosi, nayo imetiwa alama, na ni asilimia 12 hivi tu iliyoonekana kwenye mkojo na pumzi. Rozela ina sianidini pia, ila imefungwa na sukari mbili.

AFISA LISHE: Halafu tumewasahau bakteria. Kisichofyonzwa juu kinashuka kwao, na wao hawabandui sukari peke yake, wanavunja pete za molekuli yenyewe. Kwasetini inatoka mikononi mwao ikiwa asidi ndogondogo ambazo hazifanani tena na flavonoidi. Asidi hizo zinafyonzwa, na mara nyingi zinakuwa nyingi kwenye mkojo kuliko kwasetini. Panya waliolelewa bila bakteria hawazitoi kabisa.

MTABIBU: Na bakteria wa tumbo langu si wa tumbo lako.

AFISA LISHE: Umemaliza, mzee. Mfano mzuri ni soya. Kuna flavonoidi yake iitwayo daidzeini, ambayo bakteria wa watu fulani huigeuza kuwa ekuoli, na wa watu wengine hawawezi. Kwa watu wa Ulaya na Marekani wanaoweza ni robo hivi au theluthi. Kwa Wajapani wanafika nusu au zaidi. Bakuli moja la soya, watu wawili, damu mbili tofauti.

MTABIBU: Ndivyo tunavyosema sisi siku zote, kwamba dawa ina mtu wake.

MFAMASIA: Mzee, usiikimbize hiyo mbali. Kama dawa ina mtu wake, basi huwezi kumuuzia kila anayepita.

Mzee hakujibu hapo, nami sikumtegemea ajibu upesi. Twende kwa watu walioishi na kufa, maana damu ni njia tu. Mwaka 1993 Michaël Hertog na wenzake walichapisha habari za wanaume 805 wazee wa mji wa Zutphen, Uholanzi, waliofuatiliwa kwa miaka mitano. Waliokuwa wakipata flavonoidi nyingi zaidi, hasa kutoka kwenye chai, vitunguu na tofaa, walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo isiyofika nusu ya ile ya waliopata kidogo. Habari hiyo ilizunguka dunia. Hertog huyohuyo alipopima wanaume wa Caerphilly, Wales, mwaka 1997, hakukuta kinga yoyote. Wanaume wale walikuwa wanywaji wa chai, na Waingereza wanatia maziwa.

AFISA LISHE: Na sisi tunatia maziwa.

MTABIBU: Kwa hiyo maziwa yanaua chai?

AFISA LISHE: Wengi walidhani hivyo, kwa sababu protini za maziwa zinazishika flavonoidi. Lakini Hollman alipowanywesha watu chai yenye maziwa na isiyo na maziwa, kiwango cha kwasetini kwenye damu hakikutofautiana. Wengine walipima katekini, flavonoidi nyingine za chai, nako hivyohivyo. Maziwa hayazuii kufyonzwa. Tofauti ya Zutphen na Wales inaweza kuwa ya watu wenyewe: nani anakunywa chai nyingi, anakula nini nayo, anavuta sigara au havuti.

MFAMASIA: Ndiyo maana napenda majaribio ambayo watu wanagawanywa kwa bahati nasibu. Lile la kakao la Marekani, lililotoa matokeo mwaka 2022, lilikuwa na watu 21,442. Nusu walimeza miligramu 500 za flavonoidi za kakao ziitwazo flavanoli kila siku, nusu vidonge visivyo na kitu. Jumla ya matukio ya moyo na mishipa ilishuka kwa asilimia 10, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuwa ya bahati. Vifo vya moyo na mishipa vilishuka kwa asilimia 27. Hiyo si bure, na si muujiza. Natamani kila kopo lingeandikwa kwa uangalifu huo.

MTABIBU: Kwa hiyo mnanikubalia kwamba kuna kitu.

MFAMASIA: Nakubali, na ndiyo sababu naogopa. Kitu chenye nguvu ya kufaa kina nguvu ya kudhuru. Wateja wangu wa presha wananiuliza kuhusu balungi. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waligundua kwa bahati kwamba juisi ya balungi inapandisha sana kiwango cha felodipini, dawa ya presha, kwenye damu. Nifedipini nayo huguswa. Mwanzoni lawama iliangukia naringini, flavonoidi inayoipa balungi uchungu wake. Baadaye ikaonekana mkosaji mkuu ni kundi jingine la kemikali, furanokumarini, zinazozima kimeng'enya cha kuvunja dawa kwenye ukuta wa utumbo. Mgonjwa anameza kidonge kimoja, mwili unapokea kama amemeza kadhaa. Mzee, mtu anayemeza dawa za hospitali akija kwako, muulize anameza nini kabla hujampimia.

MTABIBU: Huwa nauliza. Nitauliza zaidi.

AFISA LISHE: Mimi langu ni jingine, na ndilo ninalolishughulikia kliniki kila wiki. Tumezungumza sana juu ya kufika kwenye damu. Lakini athari iliyo wazi kuliko zote haihitaji flavonoidi ifike popote. Inatokea ndani ya utumbo, kabla ya mlango. Flavonoidi za chai zinayashika madini ya chuma na kuyafunga, yasifyonzwe. Mwaka 1999 Richard Hurrell na wenzake waliwapa watu mkate pamoja na vinywaji mbalimbali wakapima chuma kilichoingia mwilini. Chai nyeusi ilipunguza kati ya asilimia 79 na 94. Kakao asilimia 71. Na maziwa, mzee, hayakubadilisha kitu cha maana.

MTABIBU: Chuma cha nyama pia?

AFISA LISHE: Cha nyama kinaponea kwa sehemu kubwa, maana kina mlango wake. Kinachoumia ni cha maharage, cha mchicha, cha dagaa kwa kiasi, na cha vidonge. Sasa angalia sahani zetu. Mjamzito anakula maharage, anateremshia chai ya maziwa, anameza na kidonge chake cha kuongeza damu kwa chai hiyohiyo. Mwezi unaofuata anapimwa wekundu wa damu, haujapanda, tunamwambia hamezi dawa. Anazimeza!

MFAMASIA: Hilo hata mimi dukani nimekuwa nikilisema nusunusu.

MTABIBU: Na mlonge? Wanawake wengi wanaufuata kwangu kwa ajili ya damu.

AFISA LISHE: Mlonge una chuma, na una vitu vinavyokishika chuma hichohicho, flavonoidi zikiwamo. Usiwaambie unashika nafasi ya kidonge. Waambie ni mboga, waupike na waule na limau, au na nyanya, au na samaki, kwa sababu vitamini C na samaki vinasaidia chuma kupenya.

MTABIBU: Na chai waache kabisa? Hapo hawatanisikiliza, mwanangu. Hata mke wangu hatanisikiliza.

AFISA LISHE: Wasiache. Kuna utafiti wa Uingereza ulioonyesha kwamba ukiisogeza chai mpaka saa moja baada ya mlo, sehemu nzuri ya kizuizi inaondoka. Kidonge wameze saa moja asubuhi kwa maji, wale. Chai waipike saa tatu.